Osha, kausha, ndipo uchome: Biashara iliyomtoa Madam C. J. Walker kwenye udobi

MADUKA ya vifaa vya urembo siku hizi yana pasi nyingi za nywele zinazotangazwa kuwa zinanyoosha nywele hata kama hazijakauka. Mwenye saluni anayetaka kununua moja huambiwa ataokoa muda wa drya, bili ya umeme itashuka na wateja watahudumiwa wengi kwa siku.

Kabla hajatoa fedha zake, ni vizuri akajua maisha ya mwanamke mmoja Mmarekani mweusi aliyefariki dunia mwaka 1919. Mwanamke huyo alianza bila mtaji, akafua nguo za watu kwa miaka mingi, na baadaye akawa miongoni mwa wanawake matajiri wa wakati wake kwa kuuza dawa za nywele na kufundisha namna ya kuzitumia.

Jina lake la kibiashara lilikuwa Madam C. J. Walker. Jina alilopewa na wazazi wake ni Sarah Breedlove.

Mtoto wa shamba la pamba

Sarah alizaliwa Desemba 23, 1867 katika kijiji cha Delta, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Owen na Minerva Breedlove, walikuwa watumwa katika shamba kubwa la pamba hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomaliza utumwa mwaka 1865. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza katika familia hiyo kuzaliwa akiwa huru.

Uhuru huo haukuja na ardhi wala fedha. Familia iliendelea kulima pamba katika shamba lile lile, na watoto waliingia shambani mapema.

Kufikia umri wa miaka saba Sarah alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili. Akaenda kuishi na dada yake Louvenia, na baadaye wakavuka Mto Mississippi kwenda mji wa Vicksburg, ambako alifanya kazi za ndani. Shule aliiona kwa muda mfupi sana.

Aliolewa akiwa na miaka 14 na Moses McWilliams, kwa sehemu ili kukimbia ukatili wa shemeji yake. Mwaka 1885 akajifungua mtoto wake wa pekee, Lelia. Mume alifariki dunia mtoto akiwa bado mdogo, na Sarah akabaki mjane mwenye umri wa miaka kama 20.

Nywele zaanza kukatika

Baada ya msiba huo alihamia mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko aliishi kwa kufua nguo. Kipato chake mara nyingi hakikuzidi dola moja na nusu kwa siku, na kwa fedha hiyo alimsomesha Lelia.

Wakati huo ndipo nywele zake zilipoanza kukatika na kuacha sehemu za kichwa zikiwa wazi. Tatizo hilo halikuwa lake peke yake. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya bomba, hivyo watu walikaa wiki nyingi bila kuosha kichwa. Walipoosha, walitumia sabuni kali ambayo iliunguza ngozi. Ukiongeza lishe duni na mba, matokeo yake yalikuwa vidonda vya kichwa na nywele kunyonyoka.

Sarah alijaribu dawa za nyumbani na zile zilizokuwa zikiuzwa madukani. Kati ya alizotumia ni za Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kama Annie Malone, mwanamke mweusi aliyekuwa ametangulia katika biashara hiyo. Sarah akawa wakala wake, akipita nyumba kwa nyumba kuuza bidhaa na kuhudumia vichwa vya wanawake wenzake.

Kwa hiyo alijifunza biashara kwa fedha za mtu mwingine kabla hajaanzisha ya kwake.

Salfa na mafuta ya mgando

Mwaka 1905 Sarah alihamia Denver, jimbo la Colorado. Alifanya kazi ya upishi huku akiendelea kuuza dawa za nywele. Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyeijua vizuri kazi ya magazeti na matangazo. Hapo ndipo lilipopatikana jina la Madam C. J. Walker. Neno Madam lilikuwa na heshima katika biashara ya urembo, kwa kuwa mitindo mingi wakati ule ilitoka Ufaransa.

Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa mafuta ya kutibu ngozi ya kichwa na kukuza nywele. Kiungo chake kikuu kilikuwa salfa. Wakulima wa korosho wanaijua vizuri, kwani ndiyo wanayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Kichwani nako salfa hupambana na mba na magonjwa ya ngozi. Ilichanganywa na mafuta ya mgando, nta ya nyuki, mafuta ya nazi na manukato kidogo ya kufunika harufu yake.

Salfa ilikuwa ikitumika kwa magonjwa ya ngozi muda mrefu kabla yake, na bidhaa za Annie Malone nazo ziliitumia. Malone alilalamika hadharani kwamba waigaji wameingia sokoni. Jambo ambalo Walker alilifanya vizuri kupita wengi ni kuiweka dawa hiyo ndani ya utaratibu kamili wa kazi, kisha kuufundisha utaratibu huo kwa maelfu ya wanawake.

Kopo moja liliuzwa senti 50. Katika matangazo aliweka picha zake mwenyewe, zikionyesha nywele zake kabla na baada ya kutumia dawa.

Kitana hakikuwa chake

Watu wengi huamini kwamba Madam Walker ndiye aliyebuni kitana cha moto cha kunyooshea nywele. Hiyo si kweli. Vyuma vya moto vya nywele vilikuwa vikitumika Ufaransa katika karne ya 19, na vitana vya chuma viliuzwa Marekani kabla hajaanza biashara. Yeye alivieneza kwa kuviingiza katika huduma yake.

Yeye mwenyewe hakupenda kuitwa mnyoosha nywele. Alisisitiza kwamba kazi yake ni kuotesha nywele na kuzipa afya. Hata hivyo wapo waliomlaumu wakati huo kwamba anawafanya watu weusi waige nywele za Wazungu, na mjadala huo haujaisha hadi leo.

Katika utaratibu wake, kitana cha moto kilikuwa hatua ya mwisho. Kwanza kichwa kilioshwa vizuri kwa shampuu, na wanawake walihimizwa kuosha mara nyingi zaidi kuliko walivyozoea. Kisha ngozi ilipakwa dawa. Nywele zikishakauka zilipakwa mafuta mepesi, na hapo ndipo kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana kilipopitishwa.

Kitana hicho kilipashwa moto kwenye jiko na hakikuwa na kipimo cha joto. Wasusi wa zamani walikipima kwa kukigusisha kwenye karatasi au kitambaa cheupe. Kikiacha alama ya kuungua, kilisubiriwa kipoe. Kikiwa cha moto mno kingeweza kukata nywele za kichwa kizima kwa dakika chache.

Mtu aliyewahi kupoteza nywele zake alijua hasara hiyo maana yake nini. Wakala aliyemwunguza mteja mmoja alipoteza mteja, jirani zake na kanisa lake zima.

Kwa nini nywele ziwe kavu

Sababu ya kukausha nywele kwanza inaeleweka vizuri leo. Unywele unapolowa hunyonya maji, huvimba na kulegea. Vifungo vidogo vinavyoushikilia katika umbo lake la kujikunja huachia. Joto likitoa maji hayo wakati unywele umevutwa, vifungo hujifunga upya katika umbo jipya lililonyooka. Ndiyo maana nywele zilizochomwa kwa kitana hurudi kujikunja mvua ikinyesha au jasho likitoka.

Kwa hiyo maji na joto vyote vina kazi yake. Hatari iko katika kuvikutanisha ghafla. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, wakati pasi nyingi za nywele hufanya kazi kati ya nyuzi 150 na 230. Chuma cha namna hiyo kikibana unywele uliojaa maji, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke mara moja. Mvuke ukikosa njia ya kutokea hutengeneza viputo ndani ya unywele, na sehemu hiyo hukatika kirahisi baadaye.

Mlio wa kuchacha unaosikika pasi inapogusa nywele zenye maji ni dalili ya hali hiyo. Wapo wanaoufurahia wakidhani pasi inafanya kazi, kumbe nywele zinaharibika. Mvuke huo pia unaweza kuunguza masikio na shingo ya mteja.

Chuo, kiwanda na mawakala

Kwa mwaka mmoja na nusu Madam Walker na mumewe walizunguka majimbo ya kusini wakionyesha bidhaa makanisani, kwenye kumbi na majumbani. Mwaka 1908 walifungua ofisi Pittsburgh na chuo kilichopewa jina la binti yake, Lelia. Wanawake walifundishwa kazi hiyo, na waliokuwa mbali walisoma kwa njia ya posta kwa ada ya dola 25.

Mwaka 1910 alihamishia makao makuu Indianapolis, mji uliokuwa makutano ya njia nyingi za reli. Mfanyabiashara anayesafirisha mzigo kwa posta na treni alihitaji mji wa namna hiyo. Alijenga kiwanda, akafungua saluni na darasa, na mwaka uliofuata akaisajili kampuni akiwa mwenye hisa pekee.

Usimamizi wa kila siku alimwachia mwanasheria Freeman Ransom, yeye akaendelea kusafiri kutafuta soko. Mumewe hakutaka biashara ikue kwa kasi aliyoitaka yeye, na walitalikiana mwaka 1912.

Mawakala wake wengi walikuwa wamefanya kazi za ndani, udobi na vibarua vya mashambani. Kwa mara ya kwanza walikuwa na kazi ambayo fedha yake iliingia mikononi mwao moja kwa moja. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Hadi anafariki, kampuni ilisema imefundisha wanawake wapatao 20,000. Mwaka 1913 alisafiri hadi Jamaika, Kuba, Haiti, Kosta Rika na Panama kutafuta wateja wapya.

Asimama bila kualikwa

Mwaka 1912 alihudhuria mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago. Mwenyekiti alikuwa Booker T. Washington, kiongozi aliyesikilizwa sana na watu weusi wakati huo. Kwa siku mbili za kwanza Washington hakumpa nafasi ya kuzungumza. Biashara ya nywele haikuheshimiwa na wanaume wengi waliokuwepo ukumbini.

Siku ya mwisho Madam Walker alisimama mwenyewe. Alieleza kwamba ametoka kwenye mashamba ya pamba ya kusini, akapanda hadi kwenye udobi, kisha jikoni, na kwamba kutoka hapo alijipandisha mwenyewe hadi kumiliki kiwanda alichokijenga kwenye ardhi yake. Mwaka uliofuata alirudi kwenye mkutano huo akiwa mzungumzaji aliyealikwa.

Mwaka 1917 aliitisha mkutano wa mawakala wake mjini Philadelphia, uliohudhuriwa na wanawake zaidi ya 200. Zawadi zilitolewa kwa waliouza zaidi, na vilevile kwa waliosaidia zaidi jamii katika maeneo yao. Mkutano ulimpelekea Rais Woodrow Wilson ujumbe wa kupinga mauaji ya watu weusi.

Mwisho wa safari

Mwaka 1918 alihamia kwenye jumba lake jipya huko Irvington, kando ya Mto Hudson, jimbo la New York. Lilichorwa na Vertner Tandy, mtu mweusi wa kwanza kusajiliwa kuwa msanifu majengo katika jimbo hilo. Hakuishi humo muda mrefu. Alikuwa na shinikizo la damu na ugonjwa wa figo, na madaktari walimtaka apumzike, lakini aliendelea kusafiri.

Alifariki dunia Mei 25, 1919 akiwa na umri wa miaka 51. Wiki chache kabla ya hapo aliahidi dola 5,000 kwa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kwa ajili ya kampeni dhidi ya mauaji ya kundi la watu. Mali yake ilikadiriwa kati ya dola 600,000 na 700,000. Wosia wake uliacha sehemu kubwa ya faida za baadaye kwa shule, makanisa na mashirika ya hisani. Lelia alirithi uongozi wa kampuni.

Kwa anayenunua pasi leo

Pasi za umeme za kunyoosha nywele zenye unyevu hazikuwepo enzi za Madam Walker. Zilizo nzuri zina matundu kwenye mabamba ili mvuke utoke badala ya kubanwa ndani ya nywele. Zipo pia zinazopuliza hewa ya moto badala ya kubana nywele kati ya mabamba. Hata hivyo maji yanachemka kwa joto lile lile, na mnunuzi anapaswa kukagua mambo kadhaa.

Kwanza, aangalie kama matundu hayo yapo kweli. Pasi yenye mabamba mazima, hata kama boksi lake linasema inafaa kwa nywele zenye maji, itafungia mvuke ndani.

Pili, asome maelezo ya mtengenezaji. Nywele zenye unyevu ni zile zilizokwisha kufutwa na taulo na kuachwa hadi zikaribie kukauka. Nywele zinazodondosha maji haziruhusiwi kwenye pasi yoyote ya mabamba.

Tatu, pasi iwe na kipimo cha joto kinachopandishwa na kushushwa. Nywele nyembamba au zilizowekwa dawa huhitaji joto dogo kuliko nywele nene za asili. Pasi yenye swichi ya kuwasha na kuzima tu inamrudisha msusi kwenye kitana cha jikoni, tena bila karatasi ya kupimia.

Nne, ajaribu kwenye fungu dogo la nywele nyuma ya kichwa kabla ya kufanya kichwa kizima. Akisikia mlio wa kuchacha, aache na azikaushe kwanza.

Tano, kwa sababu kazi hii inachanganya maji na umeme, waya uwe mzima, plagi iwe imara na mikono iwe mikavu.

Mwenye saluni apige hesabu pia. Pasi yenye matundu kwa kawaida ni ghali kuliko ya kawaida. Kama saluni tayari ina drya nzuri, pengine dakika anazookoa hazitoshi kurudisha bei yake, hasa kwa wateja wenye nywele nene ambazo hushika maji muda mrefu. Mwenye wateja wachache, na anayewafuata majumbani akiwa na kifaa kimoja, anaweza kuona faida yake mapema.

Madam Walker aliwafikia wateja wake nyumba kwa nyumba, wengi wao wakiwa wamekwisha kuharibiwa nywele na dawa au vyuma vya watu wengine. Walimrudia kwa sababu nywele ziliota. Msusi wa leo, awe Mbagala au Manzese, anapimwa kwa kipimo hicho hicho mteja anapovua kilemba wiki mbili baada ya kutoka saluni.